Mwanamke Mmoja wa Baraza la Huruma

Nchi ya Shwarini haijawahi kupatwa na msiba. Mambo hutokea, hilo halikanushwi. Mapaa huporomoka, watu hufa, wengine hupotea wakiwa njiani kwenda kununua mkate. Lakini msiba ni neno la serikali, na serikali ya Shwarini haijawahi kuona haja ya kulitumia. Ndiyo maana Soko la Ushindi lilipowafunika wachuuzi asubuhi ya siku ya gulio, redio ya taifa ilitangaza kwamba soko limeshuka. Halikuanguka. Lilishuka kwa heshima zake, kama mtu mzima anavyoshuka ngazi, na wale waliokutwa chini walitajwa kuwa ni wananchi waliochelewa kupisha.

Kilicholishusha kila mtu alikijua. Juu ya paa la soko, paa lililojengwa kubeba mvua na kunguru, palikuwa pamewekwa sanamu ya zege ya Mtukufu Mlezi wa Taifa, kanyoosha mkono kuyaonyesha maendeleo, yaani upande wa kituo cha mafuta. Sanamu haikupata hata mkwaruzo. Ilikutwa imesimama wima katikati ya kifusi, mkono bado umenyooka, na magazeti yakaandika kwamba Mtukufu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye eneo la tukio.

Ilibidi apatikane mwenye kosa, maana Shwarini ni nchi ya sheria. Kamati ya soko ilikuwa ya wanaume watupu na mwanamke mmoja, muuza dagaa aitwaye Mashavu binti Dosa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja toka mtaa wa pili. Siku ilipoamuliwa habari ya sanamu, wanaume wote waliinua mikono. Mashavu alisema paa halitabeba. Akaambiwa akae. Akasema tena, kwa ile sauti yake ya dagaa, na akaandikwa kuwa amepinga.

Mwendesha mashtaka hakuwa na kazi ngumu.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "mabwana hawa walikubali kwa sababu hawakujua. Asiyejua hana kosa. Katika kamati nzima ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba paa litaua watu, na tunajua kwamba alijua, kwa sababu alisema. Alijua, na hakuzuia!"

Jaji aliguswa na hoja hiyo hata akavua miwani kuipangusa. Mashavu akahukumiwa kunyongwa. Wanaume wa kamati walipewa mapumziko ya wiki mbili kule milimani, ili mshtuko uwatoke.

*

Hapo ndipo serikali ilipojikwaa. Waasisi wa Shwarini walikuwa wanaume wapole waliowapenda sana mama zao, na katika katiba waliandika kwamba mwanamke hatanyongwa mpaka Baraza la Huruma liikatae rufaa yake, na kwamba Baraza linalomjadili mwanamke sharti mwanamke awe amekaa ndani yake. Baraza lilikuwa na wajumbe tisa, wote wenye masharubu. Kwa miaka yote hakuna aliyeona upungufu, kwa kuwa walioletwa mbele yake walikuwa wanaume, nao walinyongwa bila usumbufu.

Mjumbe sharti awe mtu aliyewahi kushika cheo kikubwa serikalini, na nchini kote mwanamke wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, basi gari jeusi likaenda kumchukua Bi. Siwema Kitwana.

Siwema alikuwa hakimu mstaafu wa mirathi na talaka, mjane, mama wa watoto wawili waliokuwa wakiishi mbali na kumpigia simu siku za sikukuu. Chuoni alikuwa msichana pekee kwenye darasa la sheria. Mahakamani alikuwa mwanamke pekee aliyekaa juu, na makarani walimwita "Bwana Hakimu" kwa kuwa hawakuwa wamefundishwa neno jingine. Hakuwalaumu. Maisha yake yote aliamini kwamba kazi ya mwanamke wa kwanza ni kuingia tu mlangoni, na wenzake watafuata. Kwamba hakuna aliyefuata, alilihesabu kuwa ni jambo la muda.

Barua ya uteuzi ilisema taifa linamhitaji. Alilisoma neno hilo mara mbili. Akapiga pasi gauni lake la kijivu, akafunga ushungi mweupe, akatoka. Kwenye gari alikuwa anajiona mrefu.

*

"Ndugu wajumbe," alisema Mwenyekiti wa Baraza, Profesa Ndaro, mzee mwenye mikono laini na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale, "leo Baraza letu limepambwa. Tumepata mama. Tumepata dada. Chumba hiki, ambacho kwa miaka kilinukia karatasi, leo kinanukia udi. Namwomba Bi. Siwema atufungulie kikao kwa dua."

Siwema akaomba dua. Akaketi. Kiti chake kilikuwa kimewekwa kando ya chupa za chai, kwa bahati tu, na kwa bahati hiyohiyo wajumbe wakawa wanamnyooshea vikombe huku wakizungumza. Alijaza viwili vya kwanza kabla hajatambua mikono yake inafanya nini.

Alipopewa nafasi alisema, "Nimeusoma mwenendo wa kesi. Mwanamke huyu ndiye aliyetoa onyo. Hatuwezi kumwua mtu kwa kutuonya."

Wajumbe waliinamisha vichwa kwa adabu, kama watu wanaosubiri pikipiki ipite, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Baadaye Jenerali Kilindo, mtu mkubwa mwenye kifua kilichojaa nishani za vita ambavyo Shwarini haikupigana, alikohoa.

"Naona kama huyu mwanamke alitoa onyo," alisema.

"Jicho la mwanajeshi hilo!" akasema Mwenyekiti. Wote wakaandika.

"Ila sasa," Jenerali akaendelea, "tukimwachia huyu, swali litabaki. Aliyewaua wale watu ni nani?"

Ukutani kulikuwa na picha ya Mtukufu, na wajumbe wote walijikuta wakitazama vidole vyao.

Jengo la Baraza lilikuwa na choo kimoja, na mlangoni pake pamechorwa sharubu. Siwema alipouliza aende wapi alielekezwa kituo cha mafuta, ng'ambo ya barabara. Alikwenda haraka na kurudi karibu mbio. Alikuta wamekwisha kukubaliana kwamba ushahidi mpya hautapokelewa.

"Lakini mimi sikuwepo."

"Tulikukumbuka sana," alisema Mwenyekiti.

Kikao kilipoahirishwa, alimfuata Profesa Ndaro kwenye ukumbi.

"Kama hamnisikii, mmeniitia nini?"

Profesa alishangaa kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu, na aliwafugia sungura.

"Bi. Siwema, hukuambiwa? Bila wewe hatuwezi kumnyonga. Wewe kura yako piga upendavyo. Pinga! Tena itapendeza ukipinga, dunia itaona kwamba kwetu watu hujadiliana. Tunachokuomba ni kimoja tu. Ukae."

*

Gereza la Amani lina ukuta uliochorwa njiwa. Mashavu aliletwa chumba cha wageni akiwa amefungwa pingu mbele, na gauni la gereza lilikuwa limembana mabegani. Aliketi, akamtazama mgeni wake toka ushungi hadi viatu.

"Wewe ndiye wakili?"

"Hapana. Mimi ni mjumbe wa Baraza la Huruma. Mwanamke peke yake mle ndani."

"Maskini. Na mimi hivyohivyo kwenye kamati yetu. Walinipa kazi ya kuchagua pazia." Akacheka, na pingu zikagonga meza. "Haya. Umenijia na nini?"

Siwema alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yote yalimkimbia. Akamweleza jinsi katiba ilivyo, bila kupamba. Kwamba mwanamke sharti akae ndani ya Baraza ndipo mwanamke mwenzake aweze kunyongwa. Kwamba yeye atapinga, nao ni tisa.

Mashavu alimtazama tena, safari hii usoni tu.

"Kumbe," alisema. "Nilidhani wewe ni mlango, kumbe wewe ndiye kamba."

Siwema uso ulimwaka moto. Katika miaka yote ya kukaa peke yake kati ya wanaume alikuwa ametukanwa kwa maneno mengi, ya chini kwa chini na ya waziwazi, na hakuna lililowahi kumfika pale lilipofika hili.

"Sikusemi kwa ubaya, dada," Mashavu akasema. Akanyoosha mikono yake yenye pingu, akamgusa vidole. "Mimi nilikaa kwenye kamati ile miaka. Kila nikitaka kutoka nilijiambia, nikitoka, watabaki peke yao, watafanya wanavyotaka. Nikabaki. Na wakafanya wanavyotaka, mimi nikiwemo. Dada yangu wa tumbo moja alikuwa anauza nyanya pale chini. Walimtoa kifusini siku ya pili."

"Sikujua."

"Hakuna aliyeuliza." Mlinzi alikuwa amekwisha kusimama. Mashavu akainuka naye. "Ukiweza kutoka, toka. Wasipate mtu wa kukalia kile kiti."

*

Siwema alijiuzulu kesho yake.

Mwenyekiti alimjibu kwa kumpelekea kikapu cha matunda. Kadi yake ilisema kwamba mwanaume hujiuzulu, lakini mwanamke hukasirika, na Baraza, kwa hekima yake, litangoja hasira ziishe. Siwema alikaa nyumbani. Wajumbe walimfuata, wakapanga viti barazani kwake, wakabishana kama mtu aliyejifungia chumbani anaweza kuhesabiwa kuwa amekaa ndani ya Baraza lililokaa nje ya chumba chake. Kura zilielekea kukubali, ila Siwema alipanda kitandani akasimama, akawapigia kelele dirishani.

"Sijakaa! Nimesimama!"

Kwa kuwa katiba ilisema "amekaa", kikao kikavunjika. Walipokuwa wanaondoka alisikia Jenerali akimwuliza Mwenyekiti kama mwanamke huchoka baada ya muda gani.

Hakupata usingizi tena baada ya hapo. Akawa anaipekua ile sheria kichwani, ndipo akakumbuka kwamba mjumbe wa Baraza sharti awe mtu asiye na kosa la jinai. Akaona njia. Katika Shwarini kosa lilikuwa karibu sana na kila mtu. Hakuhitaji kuiba wala kupiga mtu. Ilitosha kusema.

Alikwenda kwenye kifusi cha Soko la Ushindi. Wachuuzi waliosalia walikuwa wametandika magunia pembezoni na kuendelea na biashara, maana watu hula hata wakifiwa. Siwema alisimama chini ya mkono wa ile sanamu. Alikuwa hajawahi kupaza sauti hadharani katika maisha yake yote. Mara ya kwanza ilitoka nyembamba.

"Soko halikushuka! Lilianguka!"

Watu walikamata magunia yao tayari kukimbia. Karibu na hapo alikuwa Inspekta Faraji na askari wake. Siwema aliwatazama, akapaza zaidi.

"Sanamu hii ndiyo iliyowaua! Na mwenye sanamu anajua!"

Watu kadhaa walilala kifudifudi, kwa mazoea. Inspekta Faraji alikuja mbio. Siwema akatoa mikono yake kungoja pingu. Inspekta akasimama mbele yake, jasho likimtiririka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nakuomba. Sema pole pole. Nasikia."

"Nikamate basi."

"Siwezi. Nimepewa amri. Ukikamatwa, una kosa. Ukiwa na kosa, si mjumbe. Usipokuwa mjumbe, yule hanyongwi. Mpaka anyongwe, mama, wewe huna kosa. Lolote utakalosema, mimi sijalisikia." Akawageukia askari. "Geuka nyuma!"

Askari wakageuka nyuma, wakatazama kituo cha mafuta.

Ikawa hivyo basi. Kwa siku chache, katika nchi nzima ya Shwarini, palikuwa na mtu mmoja asiyeweza kufanya kosa. Siwema alikuja kila asubuhi, akasimama palepale, akasema. Alitaja majina ya waliokufa kadiri alivyoambiwa, na watu wakazidi kumletea majina. Mchuuzi wa bamia, Bi. Mwanakombo, mwanamke mkavu mwenye mkono uliovunjwa na nguzo siku ile, alikuwa wa kwanza kusogea karibu naye na kusema la kwake. Askari wakageuka nyuma na kwa huyo pia, maana hawakuwa na hakika amri imeishia wapi. Kisha wakasogea wengine. Waliokuwa na la kusema walikuja kusimama karibu na Siwema kama watu wanaosogea kivulini, wakasema lao kwa haraka, wakaenda zao wakipumua. Mzee mmoja alikuja akatamka neno "njaa", akaangalia huku na huku, akalitamka tena, akatabasamu.

Siwema alirudi nyumbani sauti imekauka. Kwa mara ya kwanza alikula akashiba. Alifikiri: hawawezi kunikamata wala kumnyonga. Tutakaa hivihivi, mimi na wao, mpaka tuzeeke.

*

Aliwadharau kidogo tu, na hilo ndilo lililomponza. Alidhani watabaki ndani ya sheria waliyoiandika.

Tangazo lilisomwa redioni saa ya chakula cha mchana, baada ya bei za mazao. Mtukufu Mlezi wa Taifa, kwa mamlaka aliyopewa na kwa mapenzi yake makubwa kwa akina mama, alikuwa amemteua Jenerali Kilindo kuwa mwanamke, kwa madhumuni ya kifungu kile tu, na bila kuathiri pensheni yake.

Siwema alivaa gauni lake la kijivu, akaenda kwenye kikao. Hakuna aliyemzuia. Alitaka kura yake ya kupinga iwepo, hata kama haina kazi, na alitaka wamtazame usoni wakati wa kuinua mikono.

Jenerali alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha kando ya chupa za chai. Alikuwa na magwanda yake yote, na nishani, na shingo iliyovimba kama ya mtu aliyekabwa na kola.

"Ndugu wajumbe," alisema Mwenyekiti, "leo Baraza letu limepambwa maradufu. Namwomba Bi. Jenerali atufungulie kwa dua."

Jenerali aliangalia kulia na kushoto. Hakuwa na dua aliyoijua yote. Akasoma nusu.

Mjadala ukaanza. Baada ya muda Jenerali alikohoa. "Nilitaka kusema kwamba..."

"Subiri kidogo, Bi. Jenerali," alisema mjumbe aliyekuwa akizungumza.

"Ni jambo fupi. Jana usiku nimefikiri, na..."

"Tutakusikia, tutakusikia." Mjumbe mwingine alimnyooshea kikombe.

Jenerali alikitazama kikombe kile. Yeye aliyekuwa akipiga ngumi mezani na mji mzima ukanyamaza, alifungua kinywa, akakifunga. Alimgeukia Siwema, kana kwamba kuna kitu anataka kumwuliza na hajui kinaitwaje. Kisha akachukua chupa, akamimina chai, nyingine ikamwagikia sahani.

Hakuna aliyejua, na haijulikani mpaka leo, alitaka kusema nini.

Mikono tisa iliinuliwa. Wa Jenerali ulikuwa wa mwisho, na ulifika begani tu, lakini ulihesabiwa.

"Napinga," alisema Siwema.

"Imeandikwa," alisema Mwenyekiti, akamtabasamia kwa upole. "Na tunakushukuru sana."

*

Walimnyonga Mashavu alfajiri ya Ijumaa. Katika maneno yake ya mwisho, alisema mlinzi mmoja baadaye, aliuliza kama ile sanamu itarudishwa juu ya paa jipya, na alipoambiwa ndiyo, alisema, "Basi jengeni paa nene."

Siwema alikuwa langoni tangu kulipopambazuka. Inspekta Faraji naye alikuwapo, pamoja na askari wanne na gari lenye nyavu.

"Mama," alisema, na kwa kweli alionekana mtu mwenye huzuni, "sasa naruhusiwa kusikia."

"Umesikia mangapi?"

"Yote, mama. Yote yalihifadhiwa."

"Nipe muda mpaka azikwe."

Kabla Inspekta hajajibu, mkuu wa gereza alitoka na tatizo. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake. Askari wa kike wote walikuwa wamepewa likizo, wasije wakalia kazini. Lakini, aliongeza kwa furaha ya mtu aliyelipata jibu, Bi. Jenerali yupo, ameletwa kushuhudia, na kwa sheria ya nchi ni mwanamke. Ataosha yeye.

Jenerali Kilindo alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Alikuwa amelia au hakulala, haikuwa rahisi kujua.

"Jenerali," Siwema alimwambia, "umewahi kumwosha mtu?"

"Sijawahi kuosha hata kikombe," alisema Jenerali. Akamgeukia mkuu wa gereza. "Waite wanawake wa soko. Ni amri."

Mkuu wa gereza alisita. "Kwa heshima zote, Bi. Jenerali, amri hiyo itabidi ithibitishwe kwanza na..." Hakumalizia. Akatazama pembeni kwa aibu, akimtafuta mwanaume.

Siwema hakungoja. Alimpita, akavuka ua, akaingia chumba cha mwisho ambamo Mashavu alilazwa juu ya ubao, akasimama kwenye kizingiti na kushika miimo kwa mikono yote miwili. Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, na askari yeyote angeweza kumwondoa kwa mkono mmoja.

"Mwanaume hatapita hapa," alisema. "Awe ameteuliwa au hajateuliwa."

Nje ya lango wanawake wa soko walikuwa wamekwisha kufika. Bi. Mwanakombo alikuwa mbele, mkono wake mbovu umefungwa kifuani, wa pili umebeba ndoo. Wengine walikuwa na jeneza tupu, sanda, karafuu maiti, birika, sabuni. Askari wa lango alikuwa kijana, na mwanamke wa pili katika kundi lile alikuwa shangazi yake. Alimtazama tu. Kijana akafungua.

Walipita uani bila kukimbia. Siwema akaachia miimo, wakaingia, na mlango ukafungwa kwa ndani kwa komeo.

Chumba kilikuwa na dirisha dogo na bomba lenye maji ya baridi. Mashavu alionekana mfupi kuliko alivyokuwa. Siwema, aliyekuwa ameamua mirathi ya wafu wengi, alikuwa hajamgusa maiti hata mmoja, hata mumewe. Huyo walimwosha ndugu zake wanaume. Hakujua aanzie wapi. Mikono ilimning'inia.

"Bi. Siwema," alisema Mwanakombo, "shika kichwa. Hivyo. Mwinulie kidogo, maji yasimwingie."

Akashika kichwa. Kilikuwa kizito na bado hakijapoa kabisa. Wakaosha. Mmoja alimwaga maji, mwingine akapitisha kitambaa chini ya shuka, mwingine akawa anasoma kwa sauti ya chini. Shingoni walipita taratibu, ingawa hakukuwa na haja tena.

Mlango ukagongwa. "Mama," ilikuwa sauti ya Inspekta, "bado?"

"Bado," alisema Siwema.

Walimfumua nywele, wakamchana, wakamsuka mistari miwili. Mmoja alisema kwamba Mashavu alikuwa akikopesha dagaa kwa wenye watoto wachanga na kuwatukana wakileta malipo. Mwingine akacheka, kisha akajishika mdomo, kisha akalia. Mlango ukagongwa tena, wakaitikia wote kwa pamoja, "Bado!"

Walipokwisha kumvika sanda, Mwanakombo aliweka mkono kwenye komeo, akauacha pale.

"Ukitoka watakuchukua," alisema.

"Najua. Mbebeni, nami nishike upande mmoja."

Kwa desturi jeneza hubebwa na wanaume. Wanaume wa soko walikuwa wameonywa wasije, nao hawakuja. Wanawake wakalitia mabegani wenyewe, wakatoka nalo. Inspekta Faraji alikuwa amesimama uani na pingu, akaona mikono yote miwili ya Siwema iko juu, imeshika mti wa jeneza. Akazirudisha pingu kiunoni. Akavua kofia. Jenerali Kilindo alisogea kando, akaufungulia msafara njia, na akabaki pale ukutani, chini ya wale njiwa, mpaka mtu wa mwisho alipopita.

Wakamzika nyuma ya gereza, kwenye udongo mgumu, wakachimba na kufukia kwa zamu. Askari walisimama mbali. Hakuna aliyehutubu.

Mwisho Inspekta akaja, akakohoa. "Sasa, mama."

Siwema alitazama mikono yake. Ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

"Naomba maji ya kunawa."

"Huko tuendako..." alisema Inspekta, akakatiza.

Mwanakombo alikuwa amekwisha kuinua birika. Mwanamke mwingine akalishikilia kwa chini, kwa ajili ya ule mkono wake mbovu. Wakamnawisha Siwema, kidole kimoja baada ya kingine, bila haraka, na Inspekta Faraji akasubiri, pingu zikiwa wazi mikononi mwake.